Mashine Haikatai

Kwa Kiswahili cha hapa kwetu, kila kitu kinaweza kukataa. Gari linakataa kuwaka. Simu inakataa kushika chaji. Kiberiti kikilowa kinakataa, kufuli inakataa, na mtandao ukiwa chini utamwambia anayekudai kwamba pesa zimekataa kwenda. Ni neno tamu, halina kosa lolote la sarufi, na mimi mwenyewe nalitumia nikiwa jikoni. Lakini Jumamosi saa nne asubuhi, ninapokaa na watoto wa gredi ya 7 hadi ya 9 kwenye darasa moja hapa Machakos tukifunguafungua roboti, neno hilo ni marufuku.

"Teacher, imekataa!"

"Haijakataa. Sema kilichotokea."

Wenzangu wanaona huo ni ukali wa bure. Mmoja aliniuliza, kwani wewe ni mwalimu wa roboti ama wa Kiswahili? Swali zuri. Jibu langu halikutoshea kwenye mapumziko ya chai, ndiyo maana naliandika hapa.

Nianze na roboti yenyewe, kwa sababu wengi wakisikia neno hilo wanamwona mtu wa chuma wa sinema. Yetu ni kigari chenye magurudumu mawili ya manjano na kagurudumu kadogo ka nyuma, kinaenea kwenye boksi la viatu. Ubongo wake ni kibao cha Arduino, aina iliyobuniwa mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005 ili wanafunzi wasio wahandisi waweze kuchezea umeme bila kuogopa. Chetu ni kopi, kama vingi vinavyouzwa Luthuli Avenue kule Nairobi, na kukopi ni halali kwa sababu michoro yake iko wazi kwa yeyote. Kuna mota mbili, betri, na kibao kingine chekundu kinachopokea amri dhaifu ya ubongo na kuipa mota nguvu. Mbele kuna kitu chenye miviringo miwili kama macho ya bundi. Watoto wote huyaita macho. Si macho. Mviringo mmoja ni mdomo, wa pili ni sikio. Mdomo unapiga mlio wa mitetemo 40,000 kwa sekunde, mlio ambao sikio la binadamu haliufikii, na sikio linasubiri mwangwi. Kibao kinapima muda uliopita, kinauzidisha kwa kasi ya sauti hewani, yaani mita 340 hivi kwa sekunde, halafu kinagawanya kwa mbili kwa sababu sauti imeenda na kurudi. Jibu ni umbali. Popo hufanya vilevile kila usiku bila kujua kugawanya.

Kitu hicho, kwa Kiswahili cha kompyuta, kinaitwa kihisi. Habari inayoletwa ndani ni ingizo. Kinachotoka, gurudumu likizunguka, taa ikiwaka, king'ora kikilia, ni tokeo. Hapo darasa hucheka kila mwaka, kwa sababu wingi wa tokeo ni matokeo, na kwa mtoto wa Kenya matokeo ni kitu kimoja tu, yale yanayotangazwa na waziri kwenye televisheni huku nyumba nzima imeshika vichwa.

Katikati ya ingizo na tokeo kuna mstari mmoja wa programu ambao kwangu ndio somo lote. Ukiusema kwa maneno yetu ni hivi: ikiwa umbali uko chini ya sentimita 20, simama. Watoto wanauandika, kigari kinaelekea ukutani, kinasimama. Makofi. Ndipo huwauliza: hiyo 20 imetoka wapi?

Kimya. Mmoja atasema imetoka kwa Arduino. Mwingine atasema kwa kihisi. Inachukua muda mrefu kuliko unavyodhani hadi mtu aseme, "Si ni wewe uliandika ubaoni?"

Ndiyo, ni mimi. Ningeandika 2, kigari kingegonga ukuta kabla hakijawahi kusimama. Ningeandika 100, kingekwama katikati ya madawati kikiogopa kila kitu. Ile 20 haimo kwenye waya wala kwenye sheria za fizikia. Ni uamuzi wa mtu, umevalishwa nguo za hesabu. Wahandisi wanaita namba kama hiyo kizingiti, na nalipenda neno hili kwa sababu kila mtoto anajua kizingiti ni nini: ni ile sehemu ya mlango inayoamua maji ya mvua yaingie ndani au yabaki nje, na kuna fundi aliyechagua kimo chake.

Muhula wa pili, ule wa baridi, ulituletea jambo lililozidi mpango wowote wa somo. Kigari kilichokuwa kikisimama vizuri mbele ya ukuta, dawati na ndoo kilimwendea msichana mmoja wa gredi ya 8 aliyekuwa ameketi sakafuni, magoti ameyaingiza ndani ya sweta. Kikamgonga. Akasogea. Kikamfuata kikamgonga tena. Hakikumuumiza, ni kitu chepesi. Wenzake walikufa kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alisema, "Imekataa kuniona."

Sweta ya sufu hunyonya sauti. Mlio unaingia kwenye nyuzi na kupotelea humo, mwangwi haurudi, na kwa kigari pale mbele hapana kitu. Hakuna waya uliokuwa umelegea. Programu ilifanya kazi sawasawa kama ilivyoandikwa. Ingizo lilisema njia ni nyeupe, tokeo likawa kwenda mbele. Ukuta wa mawe ulionekana na mtoto hakuonekana.

Sasa, sentensi ya huyo msichana ina ukweli ndani yake. Anachokisikia mtu aliyepitwa na mashine ni hicho hasa, kukataliwa. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru, huyu wa pili mzaliwa wa Addis Ababa, walichapisha utafiti kuhusu programu tatu za kampuni kubwa zilizodai kutambua jinsia ya mtu kwa kutazama picha ya uso. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Buolamwini ameeleza mara nyingi jinsi kompyuta ilivyoshindwa kuuona uso wake mpaka alipovaa kinyago cheupe. Sweta na ngozi si kitu kimoja, najua. Lakini swali la kuuliza ni lilelile: walipoijaribu, walimweka nani mbele yake? Kihisi chetu kilijaribiwa kwa ukuta, kwa dawati, kwa ndoo, yaani kwa vitu vigumu vilivyokuwa karibu. Hakuna aliyewaza sufu. Kuamua nini kinatosha kuitwa jaribio nako ni kuamua.

Jirani yetu ni mzee anayechonga mawe ya ujenzi. Amefanya kazi hiyo tangu ujana wake, na vidole vyake vimelainika kama kokoto la mtoni, ile michirizi imeisha. Siku moja alihitaji kusajiliwa kwenye ofisi fulani ili apate huduma ambayo kwa haki ni yake. Nilimsindikiza. Akaweka kidole gumba, taa nyekundu. Kidole cha shahada, nyekundu. Wakamfutia na kitambaa, wakampaka mafuta kidogo, nyekundu. Kijana aliyekuwa nyuma ya meza hakuwa mkorofi hata kidogo. Alisema kwa heshima kabisa, "Mzee, pole, mashine imekataa. Jaribu kurudi wiki ijayo."

Kwani wiki ijayo atakuwa ameota vidole vingine?

Tazama kilichofanywa na neno hilo pale. Kulikuwa na mzee ambaye kila mtu chumbani alimjua, wengine wamejenga kwa mawe yake. Kulikuwa na kijana mwenye kalamu, fomu na muhuri. Katikati kulikuwa na kisanduku chenye kioo, ambacho kazi yake ni kulinganisha alama na alama na kutoa namba inayosema zinafanana kiasi gani. Kuna kizingiti humo ndani. Ukikipandisha, wenye vidole vilivyochakaa wanafungiwa nje. Ukikishusha, unaongeza nafasi ya mtu kupita kwa jina la mwenzake. Hakuna kimo kisicho na gharama. Mtu fulani, mahali fulani, alichagua gharama hiyo ilipwe na nani, na mtu mwingine akachagua kwamba pasiwe na mlango wa pembeni. Lakini aliyetajwa pale mezani ni mashine peke yake. Kijana hakukataa, mkubwa wake hakukataa, aliyeuza kisanduku hakukataa. Mzee alirudi nyumbani akiwa amekataliwa na hakuna aliyemkataa.

Hiyo ndiyo hoja yangu dhidi ya neno hili, na ni hoja ya maadili kabla ya kuwa ya lugha. Kukataa ni tendo la mwenye hiari. Anayekataa anaweza kuulizwa kwa nini, anaweza kubembelezwa, kushtakiwa, kuona haya. Ukimpa mashine kitenzi hicho, unaihamishia lawama ambayo haiwezi kuibeba, na lawama iliyowekwa mahali isipobebeka humwagika chini tu.

Yule mwenzangu wa mapumziko ya chai ana jibu, na si jibu jepesi. Anasema: mvua nayo imekataa kunyesha, mguu wa bibi umekataa kupona, mbona hatumkemei mtu? Hakuna Mkamba anayeamini mawingu yamefanya kikao. Ni namna ya kusema tu, na mtoto ana akili ya kutofautisha.

Nakubali nusu. Nyuma ya mvua hakuna mtu wa kumuuliza, kwa hiyo ukisema imekataa hujamficha yeyote. (Ingawa siku hizi, kwa hizi habari za tabianchi, hata hilo siliapii.) Nyuma ya kisanduku kuna watu. Neno lilelile ambalo kwa mvua ni urembo, kwa mashine ni pazia. Na kuhusu akili ya mtoto, nimemwona mtu mzima mwenye diploma akisema "sistimu imekataa" kwa uso wa mtu anayeripoti hali ya hewa. Hakuwa akidanganya. Aliamini.

Wenye kutunga sheria zetu wanaonekana kuliona hili kuliko sisi tunaosimama kwenye foleni. Januari 2020, katika kesi ya Huduma Namba iliyofunguliwa na Nubian Rights Forum na wenzao, Mahakama Kuu ilitaja wazi hatari ya kuwaacha nje watu wasio na vitambulisho au ambao alama zao za vidole hazisomeki vizuri. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutokuangukiwa na uamuzi mzito uliofanywa na mashine pekee, isipokuwa kwa masharti yaliyotajwa. Na Agosti 2022, siku ya uchaguzi, vifaa vya KIEMS viliposhindwa kufanya kazi Kibwezi Magharibi, hapo Makueni kwa majirani zetu, na sehemu za Kakamega, IEBC iliruhusu daftari la karatasi litumike. Yaani mtu alifanya uamuzi, akautangaza kwa jina la tume, na yeyote angeweza kumpeleka kortini. Karatasi haikuwa bora kuliko mashine. Ilikuwa tu na mwenyewe.

Kuna kitu sitaki msomaji akielewe vibaya. Sisemi kwamba binadamu anahisi vizuri kuliko kihisi. Nenda Kituluni, hapa karibu na mji, pale ambapo watu humwaga maji barabarani na kuyaona yakipanda mlima. Wageni hutoka mbali kuja kuona. Maji hayapandi. Ni jinsi ardhi ilivyolala na upeo wa macho ulivyofichwa, jicho linapokea ingizo la uongo na akili inatoa tokeo la uongo, kwa watu mia moja kwa siku, maprofesa kwa makanga. Niliwapeleka watoto na kipimio cha mafundi, kile chenye kipovu cha hewa. Kipovu kilisema mteremko unaenda huku, macho yao yakasema unaenda kule. Walibishana hadi wakawa na njaa. Sikuhitaji kuongeza neno. Macho ya binadamu yanadanganyika kama sweta inavyomdanganya popo wetu wa plastiki, lakini waliodanganyika waliweza kubishana, kubadili mawazo, na mmoja kusema kwa aibu, "Sawa, nilikuwa naona vibaya." Kigari kilichomgonga msichana hakikuwa na sehemu ya kufanyia hilo. Tulitafuta kwenye mchoro, hatukuipata.

Kwa kweli nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi hadi alipoinuka mvulana mmoja wa gredi ya 9, wale wanaokaa nyuma na kusoma kwenye simu ya kakake. "Teacher, hiyo 20 ni yako, sawa. Lakini hizi AI hakuna mtu huandika 20. Inajifunza yenyewe. Hapo utasema ni ya nani?"

Swali hilo lina jina. Mwaka 2004 mwanafalsafa Andreas Matthias aliliita pengo la uwajibikaji: mashine inayojifunza hubadili kanuni zake yenyewe, hivyo aliyeiunda hakuweza kujua ingefanya nini, na kama hakuweza kujua, tunamlaumuje? Lakini mashine yenyewe haiwezi kulaumiwa. Basi pengo. Kuna tendo, kuna madhara, hakuna mtendaji.

Nililala na swali hilo wiki nzima. Nililomjibu Jumamosi iliyofuata ni kwamba pengo lipo, ila ni jembamba kuliko linavyoonekana kutoka mbali. Hakuna aliyeandika 20, kweli. Lakini kuna aliyechagua mashine ijifunze kutoka kwa mifano ipi. Kuna aliyeamua kosa la asilimia ngapi linatosha kuiuza. Kuna aliyeinunua na kuiweka mlangoni, na kuna aliyeliondoa daftari la karatasi ili kuokoa pesa. Mtu akifuga mbwa mkali na kumfungulia sokoni, hatuambiwi kwamba mbwa alijifunza kuuma yeye mwenyewe. Hatujawahi kuhitaji falsafa mpya kwa mbwa.

Hakuridhika kabisa, na nadhani yuko sahihi kutoridhika, kwa sababu wenye mbwa wa aina hii ni wengi, wako nchi nyingi, na kila mmoja anashika kipande kifupi tu cha kamba.

Tena baadhi ya wanaoshika kamba wako hapahapa, kilomita 60 na kitu kutoka darasani kwetu. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kuhusu wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wakisoma na kuweka lebo kwenye maandishi ya ukatili na unyanyasaji, kupitia kampuni ya Sama, ili mashine ya OpenAI ijifunze kuyaepuka. Malipo yao, kwa mujibu wa ripoti hiyo, yalikuwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Ninapochora ubaoni visanduku vitatu, ingizo, uchakataji, tokeo, kile cha katikati hukiacha kitupu kwa sababu vitabu vyote hufanya hivyo. Siku hiyo tulichora humo watu, vichwa vidogo vidogo vingi. Mtoto mmoja akasema kinafanana na matatu ya jioni.

Hata neno roboti lenyewe linakumbuka hayo. Lilianza kutumika katika mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek wa 1920, R.U.R., na ni kaka yake Josef aliyelipendekeza, kutokana na neno la Kicheki robota, kazi ya kulazimishwa. Waswahili wa pwani walikuwa na neno lao la jambo hilo, shokoa. Kwa hiyo kabla roboti haijawa mashine inayofanana na mtu, ilikuwa mtu aliyefanywa afanane na mashine: anapokea amri, anatoa kazi, na neno moja asiloruhusiwa kulitamka ni hapana.

Nikienda Luthuli Avenue kununua vihisi, huwa nafikiria mtaa umeitwa kwa jina la nani. Albert Luthuli alikuwa chifu Afrika Kusini. Mwaka 1952 serikali ilimtaka achague kati ya uchifu na ANC. Alikataa kuiacha ANC, wakamvua uchifu. Machi 1960 akaichoma pasi yake hadharani. Ukitembea kidogo kuvuka Moi Avenue unafika mtaa wa Muindi Mbingu, na huyo ni wetu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilikuwa imepiga hesabu kwamba ardhi ya Ukambani inabeba ng'ombe kiasi fulani na si zaidi, ikaanza kuwachukua waliozidi na kuwauza kwa mnada. Hesabu ilikuwa na ingizo na tokeo kama zetu: mifugo mingi inaingia, mmomonyoko unatoka, punguza mifugo. Watu wa Machakos walitembea hadi Nairobi wakapiga kambi huko wiki kadhaa wakidai kumwona gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Lakini kabla mwaka haujaisha, ule unyang'anyi wa ng'ombe ulikuwa umesimamishwa.

Mmomonyoko ulikuwepo, hilo halina ubishi. Ila mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu Machakos ambacho jina lake linasema watu zaidi, mmomonyoko kidogo. Tangu miaka ya 1930 idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, na ardhi ilikuwa katika hali nzuri kuliko zamani, kwa matuta yale unayoyaona bado ukipanda kuelekea milima ya Iveti, yaliyochimbwa zaidi na vikundi vya akina mama. Hesabu ya maafisa haikuwa na kisanduku cha watu wanaoweza kubadili mawazo na kushika majembe.

Ndiyo maana nakihifadhi kitenzi hiki kwa wivu. Waliokataa ni wale waliotembea. Nikimruhusu mtoto aseme kigari kimekataa, na ofisi imekataa, na sistimu imekataa, siku atakayohitaji kukataa yeye mwenyewe neno litakuwa limechakaa kama vidole vya jirani yangu, halisomeki.

Darasani sasa tuna daftari lenye safu nne badala ya tatu. Ingizo, tokeo, kilichotokea, halafu safu ya mwisho: nani aliamua. Mwanzo waliandika "teacher" kila mahali, kwa raha kabisa. Siku hizi naona majina yao, na wakati mwingine "hatujui, tuulize dukani". Msichana wa sweta aliongeza kwenye kigari swichi ndogo mbele, kama ndevu za paka, kinagusa kitu kinarudi nyuma hata kama mlio haujaona kitu. Walibishana kama kirudi nyuma sentimita kumi au thelathini. Alichagua thelathini, akaandika jina lake kwenye safu ya nne, na alipoulizwa sababu alisema kumi inatosha kwa dawati lakini si kwa mtu.

Mzee naye alirudi ile ofisi mara mbili. Mara ya pili alikuta mama mwingine mezani, aliyetazama taa nyekundu, akatafuta kwenye droo fomu ya karatasi ambayo ilikuwepo muda wote, akaijaza kwa mkono na kuweka sahihi yake chini. Mzee aliniambia alisoma jina la yule mama kwenye sahihi, herufi moja moja, akalikariri njia nzima.